Ndundu Imekaa

Mwaka wa 1984 mvua ya masika ilikataa kunyesha. Hata kule Wamagana, ambako watu wamezoea kunung'unika kwamba mvua imezidi, mito ilikonda na majani ya ng'ombe yakaisha. Watu walikula mahindi ya manjano yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Waliyatukana, lakini waliyala. Kisha Agosti ikaja na baridi yake. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Nyandarua, ukalala juu ya mashamba mpaka adhuhuri, na jua likawa kitu cha kusimuliwa.

Nyumbani kwa Theuri kila asubuhi ilikuwa namna moja. Mkewe, Gathoni, alipuliza moto mpaka macho yakamtoka machozi. Theuri alikwenda shambani kutazama viazi. Alirudi amenuna, ameshika shina lililonyauka. Fuko walikuwa wamepita chini kwa chini, wakala kiazi chote, wakamwachia majani.

"Wamekula tena?" Gathoni aliuliza.

"Wamekula. Hata hii ya mbegu watamaliza."

Na kutoka chumba cha nyuma kikohozi cha Cucu kilisikika. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu. Cucu huyu ndiye aliyemzaa Theuri. Alikuwa mzee sana, mwepesi kama mzigo wa majani makavu, lakini ulimi wake ulikuwa bado mkali. Alikuwa akikohoa tangu baridi ianze. Watu walisema ni moshi.

Wangechi hakuamini kwamba ni moshi. Wangechi alikuwa binti wa kwanza wa Theuri, mwanafunzi wa kidato cha tano, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Alilala chumba kimoja na Cucu. Walikuwa na jina moja pia, kwa sababu msichana wa kwanza wa Kikuyu hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo Theuri alimwita binti yake "maitu", yaani mama yangu. Akimwita Wangechi, ilikuwa dalili kwamba amekasirika.

Likizo hiyo Wangechi alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu wa Wamagana aliyeitamani. Alikuwa msaidizi wa mtafiti wa bundi.

Mtafiti huyo aliitwa Bi Luul. Baba yake aliuza ng'ombe na mbuzi kule Nanyuki, na binti akasomea mambo ya wanyama, akaajiriwa na jumba la makumbusho Nairobi. Alikuwa amepanga chumba Majengo, mjini Nyeri, si mbali na msikiti. Aliendesha Landrova kuukuu iliyopiga kelele kuliko kiwanda cha chai. Alimchagua Wangechi kwa sababu nyuma ya shamba la Theuri kulikuwa na timbo la zamani, mahali palipochimbwa mawe ya kujengea, na katika ukuta wa timbo hilo waliishi bundi wawili wakubwa, dume na jike.

Ukitaka watu wakuepuke sokoni, sema una chawa. Ukitaka wakukimbie mpaka wafunge milango, sema unachunga bundi. Huko bundi akilia karibu na nyumba, watu huamini kwamba amekuja kuita mtu afe. Wanawake wengine waliacha kumpa Wangechi mkono. Aliumia, lakini hakuacha. Aliipenda kazi ile.

Kila asubuhi alipanda timboni na darubini. Alitazama bundi wamelala wapi na wameleta chakula gani. Kisha aliokota vitonge chini ya ukuta.

"Hivi si mavi," Bi Luul alimwambia siku ya kwanza, na kumtia kitonge kimoja mkononi. Kilikuwa kikavu, cha kijivu, kirefu kama kidole gumba. "Bundi anameza panya mzima mzima. Nyama inaenda tumboni. Manyoya na mifupa haiwezi kusagika, kwa hivyo anatapika kitonge kama hii. Ukiifungua, utajua alikula nini."

"Na wao wanazaa lini, madam?"

"Hiyo ndiyo nangoja. Jike bado hajataga. Akitaga atakaa juu ya mayai na hatatoka, dume ndiye atamletea chakula. Ukiona amekaa, niambie siku hiyo hiyo. Na mtu asimsumbue. Akitishwa akiwa amekaa, ataacha mayai yapoe."

Kwa hiyo kila siku Wangechi alipanda timboni na swali moja: je, amekaa? Na kila siku alimwona jike amesimama tu juu ya jiwe, macho nusu wazi, kama mama mkwe anayesubiri kusalimiwa.

Hapa lazima nieleze neno moja, maana msiba wote ulipitia humo. Kwa Kikuyu bundi ni ndundu. Na wazee wakijitenga kando kushauriana jambo zito, mashauri hayo ya siri pia huitwa ndundu. Ni maneno mawili yanayofanana, na mwenye masikio hutofautisha kwa mlio wa neno. Lakini mlio hupotea mtu akiwa na haraka, au akiwa anangoja sana kusikia jambo fulani. Kwa Kiswahili cha vitabuni tungesema bundi amekaa. Huku kwetu mlimani ndege na mkutano vyote ni "imekaa".

Wiki ya pili ya likizo hali ya Cucu ilibadilika. Alipata homa. Alipumua haraka haraka kama mtu aliyekimbia, na alipovuta pumzi alishika ubavu. Hakutaka uji. Alianza kumwita Gathoni kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Jioni hiyo, giza lilipoanza kuingia, bundi alitua juu ya paa la ghala.

"Huuu," alilia. "Huu-huuu."

Sufuria ilimponyoka Gathoni. Maziwa yote yaliyokuwepo yalimwagika, na mwaka ule maziwa hayakuwa kitu cha kumwagwa. Hakuyatazama hata.

"Imekuja," alisema. "Wangechi, umeifanya izoee hapa. Umeileta mpaka nyumbani!"

"Mama, imekuja kwa sababu ya panya ya ghala."

"Nyamaza!"

Wangechi alimfuata baba yake nje. Theuri alikuwa amesimama uani, mikono imening'inia.

"Baba, tumpeleke Cucu hospitali. Si moshi hiyo. Ona vile anapumua."

"Mtu mzee hivyo? Ati tumpandishe gari kwa hii baridi, afie njiani?"

"Baba, tafadhali."

Theuri hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake. Alikuwa mtu wa kuogopa kukosea, na mtu wa namna hiyo husubiri mwingine aamue.

"Kesho Nderitu anakuja," alisema. Nderitu alikuwa kaka yake mkubwa. "Tutasikizana yeye na wazee. Lala, maitu."

Wangechi hakupata usingizi. Alisikiliza pumzi za Cucu. Aliamua kwamba asubuhi ataenda Majengo, amwombe Bi Luul Landrova. Gari likiwa uani na mlango wazi, baba hataweza kukataa. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yake yote.

Alfajiri alikuta kazi za nyumbani zimejaa. Alichota maji, akamkanda Cucu kwa kitambaa, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Alipochukua gunia la vitonge na kushika njia, ukungu ulikuwa bado mzito. Siku hiyo hakupanda timboni.

Njiani alikutana na Murugi, jirani yao, ameinama chini ya mzigo wa majani ya ng'ombe. Kamba ya mzigo ilikuwa imembana paji la uso, na hakuweza kuinua kichwa.

"Umeamkaje, Wangechi? Umesikia? Ndundu imekaa."

Moyo wa Wangechi uliruka. "Imekaa! Lini?"

"Saa hii tu, asubuhi. Pale kwa timbo. Nimepita nikaona na macho yangu."

"Asante Mungu!" Wangechi alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka. "Nimengoja hiyo siku nyingi sana."

Murugi alijaribu kumtazama kutoka chini ya mzigo. "Hata wewe? Basi ni vizuri. Nilidhani utalia."

"Nilie kwa nini? Nilikuwa naomba ikae."

"Haya. Nitawaambia," Murugi alisema, akaendelea na safari yake.

Wangechi hakujiuliza atawaambia akina nani. Alikwenda karibu mbio mpaka barabarani. Kumbe Murugi hakumwona ndege yeyote. Alikuwa amemwona Nderitu, Theuri na wazee wawili wa mbari wamesimama timboni, wakishauriana.

Kule Majengo Bi Luul alifungua mlango mikono imejaa vumbi la manyoya ya panya. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, na masinia ya mifupa midogo yaliyopangwa hata chini ya kitanda.

"Madam, imekaa!"

"Kweli? Umeiona?"

"Jirani ameiona leo asubuhi."

Bi Luul alimkumbatia. Kisha Wangechi akamweleza habari za Cucu: homa, ubavu, pumzi za haraka. Furaha ilimtoka Bi Luul usoni.

"Mimi si daktari," alisema. "Lakini mama yangu alipumua hivyo akapelekwa Nanyuki hospitali, wakasema ni nimonia, ugonjwa wa mapafu. Hiyo haingojei. Twende sasa hivi."

Landrova haikuwa na haraka kama wao. Ilikataa kuwaka. Ikasukumwa na wauza makaa na vijana waliotoka msikitini, ikawaka. Walipofika kwenye mgongo wa Wamagana ilikuwa saa kumi. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Wangechi aliona kitu cheusi kikipanda nyuma ya shamba lao, kinene, chenye harufu ya mpira.

Ulikuwa moshi, na ulitoka timboni.

Alishuka kabla gari halijasimama. Alipofika, moto ulikuwa unakufa. Walikuwa wamesokomeza majani makavu na tairi kuukuu katika pango la bundi, wakawasha. Jike alikuwa chini ya ukuta. Mabawa yake yaliungua. Hakukuwa na mayai, maana hakuwa ametaga. Wangechi alichutama akamgusa kifua. Kilikuwa bado na joto, na hakujua kama ni joto la uhai au la moto.

Theuri alisimama pale, uso umejaa masizi.

"Baba, kwa nini?"

Theuri alishangaa. "Si uliambiwa? Ndundu ilikaa. Tukaamua tuchome, ili cucu yako apone. Mimi nilisema tungoje, nikasema Wangechi ataumia. Halafu Murugi akatuambia umekubali. Ati ulishukuru Mungu."

Wangechi alikumbuka alichomwambia Murugi njiani. Alielewa yote mara moja. Ni furaha yake mwenyewe iliyoondoa kizuizi cha mwisho. Alikaa chini kwenye majivu na kulia kama mtoto.

Bi Luul alikuwa ameingia uani. Alisimama mbele ya Nderitu, ambaye alikaa kwenye kigoda mlangoni pa Cucu.

"Mzee, tumekuja na gari. Tumpeleke mama hospitali."

"Hapana," Nderitu alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa na uhakika, na uhakika huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Kile kilikuwa kinamuita tumekiondoa. Sasa atapata nafuu. Tumesema tungoje tuone."

"Anaumwa mapafu. Bundi haingii kwa mapafu."

"Mama, wewe umekaa na hizo ndege sana. Rudi kwako tu, tafadhali."

Wangechi alikuja mbio, akamshika baba yake mkono. "Baba, sema kitu! Gari iko hapa!"

Theuri aliangalia gari. Aliangalia kaka yake. Aliangalia mlango wa mama yake. Kisha alitazama chini.

"Tungoje kidogo, maitu," alisema.

Walingoja. Cucu alikufa siku ya tatu, asubuhi, wakati Gathoni alipokuwa akimgeuza ubavu. Hakuna bundi aliyelia.

Walimzika upande wa chini wa shamba la viazi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliosimama nyuma hawakuliona jeneza. Mhubiri alisema maneno mazuri na watu wakaimba. Murugi alikuja na kikapu cha unga, akakiacha jikoni, akaondoka bila kumtazama Wangechi. Wangechi hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu ambaye angemwambia ndiye aliyezikwa.

Baada ya mazishi, Bi Luul alikuja na sinia moja la vitonge. "Kama hutaki kazi tena, sawa," alisema. "Lakini hivi ni vya timbo lenu. Nilidhani utataka kuvimaliza."

Walikaa barazani wakifungua vitonge kwa vibano. Theuri alipita mara mbili akijifanya anatafuta jembe. Mara ya tatu alikaa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mifupa, baba. Vitu bundi walikula."

Theuri aliokota jino moja. Lilikuwa refu, la manjano, limepinda. Aliligeuza kwenye mwanga.

"Hii ni jino ya fuko."

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Fuko pia. Hiyo ndogo ni panya."

Theuri alichakura sinia lote kwa kidole. Meno ya manjano yalikuwa kila mahali. Mtu aliyelima viazi maisha yake yote hakuhitaji mwalimu wa kumweleza anachokiona.

"Fuko hukaa chini ya ardhi," alisema polepole. "Wanawashika aje?"

"Fuko hutoka juu wakati wa giza, kutafuta majani au kuhama," Bi Luul alisema. "Bundi anamsikia akitambaa. Anashuka, anamchukua."

"Kwa hivyo walikuwa wanakula adui zangu. Na mimi nikawachoma."

Gathoni alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha msiba kichwani. Alikuwa na swali lake, na aliliuliza kwa sauti ya chini.

"Lakini ililia. Mwenyewe niliisikia. Ikalia, na mama akafa."

Bi Luul aliweka kibano chini. "Mama Wangechi, bundi huita mwenzake. Ama huambia bundi wengine, hapa ni kwangu, msikuje. Analia mwaka mzima. Siku nyingine mmelala, hamsikii. Wakati kuna mgonjwa, mko macho, mnaogopa, mnasikia kila kitu. Basi mnakumbuka ile ya mgonjwa tu. Na kwa ghala alikuja kwa sababu panya wako hapo."

"Na mama aliitwa na nani?" Theuri aliuliza.

"Aliugua mapafu. Kikohozi, homa, pumzi ya mbio mbio, maumivu ubavuni, kukataa chakula. Mzee anaweza hata kuanza kuchanganya maneno. Hizo ni alama. Mtu akiwa nazo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Awe mtoto, awe mzee."

Theuri alirudisha jino ndani ya sinia kwa uangalifu mkubwa. Kisha alisema kwamba Nderitu alimshauri atie sumu ya panya katika viazi na kuviingiza katika mashimo ya fuko.

"Usifanye hivyo," Bi Luul alisema. "Fuko atakula sumu, hatakufa hapo hapo. Atatoka nje akiyumba. Bundi atamla, au paka, au mbwa wako, na sumu itawaingia. Utaua wanaokusaidia, na fuko wengine watakuja. Baba yako alifanya aje zamani?"

"Alitega. Kijiti cha kupinda na kitanzi, ndani ya njia ya fuko. Akipita anaguza, kijiti kinaruka, kitanzi kinambana." Theuri alitazama mikono yake. "Mimi niliona ni kazi ya watu wa zamani."

Wiki hiyo alitega. Alianza vibaya, vijiti viliruka vyenyewe, lakini mikono ilikumbuka. Pia aliinua ghala juu ya nguzo na kuzungushia kila nguzo bati kuukuu, ili panya wateleze wasipande. Aliziba njia ya timbo kwa miiba. Wavulana waliokuja kurusha mawe aliwafukuza kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Dume la bundi lilikuwa limeokoka, maana halikuwa pangoni siku ya moto. Jioni lililia peke yake kutoka kwenye miti ya mikaratusi. Gathoni alikuwa akisimama kusikiliza. Hakusema kwamba haogopi, lakini hakumwaga maziwa tena.

Wangechi alirudi shuleni. Oktoba mvua ilikuja, na ilinyesha kama inayolipa deni. Desemba alirudi nyumbani na kukuta viazi vimesimama shambani, majani mapana, na fuko wachache. Kaburi la Cucu lilikuwa limeota majani. Alikaa kando yake mvuani, muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alimwomba msamaha kimoyomoyo.

Alianza kukohoa siku mbili baadaye. Kisha akapata baridi ya kutetemesha meno, na homa, na kisu ubavuni kila alipovuta pumzi. Alilala katika kitanda kilekile, chumba kilekile.

Kulipoanza kupambazuka, bundi alilia juu ya ghala.

Ni aibu kusema, lakini ni kweli: Wangechi aliogopa. Aliyafahamu mambo ya fuko, ya vitonge na ya bundi kuitana. Alikuwa amewaeleza wenzake shuleni mpaka wakamchoka. Lakini homa haisomi, na hofu aliyoinyonya utotoni ilikuwa bado pale. Alivuta blanketi juu ya kichwa. Alifikiri, imenijia, na ni haki yangu.

Nje alisikia watu. Nderitu alikuwa amelala pale, na Murugi alikuwa amekuja kuomba moto.

"Ni ile ile," Nderitu alisema. "Imerudi kwa jina lile lile. Theuri, lazima tukae chini na wazee leo."

"Gathoni!" Theuri aliita. "Lete blanketi ile nzito."

"Theuri, nakuongelesha."

"Nimekusikia. Kaa wewe kama unataka kukaa. Mimi naenda na mtoto hospitali."

"Ngoja basi jua litoke."

"Niliwahi kungoja," Theuri alisema.

Aliingia chumbani. Alimfunga Wangechi blanketi, akamwinua, akamweka mgongoni kama wanawake wabebavyo watoto, Murugi akamfunga kwa shuka. Hakuna mwanamume wa Wamagana aliyewahi kuonekana amebeba mtu hivyo. Aliteremka njia yenye matope, akiteleza na kujishika kwenye michai. Mgongoni kwake Wangechi alisikia bundi tena. Safari hii alisikiliza vizuri. Mmoja aliita kutoka kwenye ghala, na mwingine, mwenye sauti nyembamba zaidi, akamjibu kutoka timboni. Dume lilikuwa limepata jike.

"Ziko mbili, baba," alisema sikioni mwake.

"Usiongee. Pumua tu, maitu."

Lori la maziwa liliwachukua barabarani. Hospitalini Nyeri daktari aliweka kipimo kifuani pa Wangechi, akasikiliza mgongoni, akahesabu pumzi zake. Alisema ni nimonia. Alisema pia kwamba wamefanya vizuri kumleta mapema. Wakaanza kumdunga sindano za penisilini.

Siku ya tatu homa ilishuka. Wangechi alikunywa uji wote na kuomba mwingine. Theuri alikuwa kando ya kitanda, akizungusha kofia yake mikononi. Muuguzi alikuja na sindano ya asubuhi, akacheka.

"Mzee, msichana wako amepona. Mbona uso imekunjana hivyo?"

Theuri alisita. "Sista, nataka kuuliza. Kama ni mtu mzee? Mama mzee kabisa, ako na kikohozi kama hii, na homa, na anapumua mbio mbio. Huyo angesaidiwa?"

"Mzee ni hatari zaidi, lakini wengi hupona wakiletwa mapema," muuguzi alisema. Aliinua sindano kwenye mwanga. "Dawa ni hii hii. Huyo mama ako wapi? Mlete leo."

Theuri alifunika uso kwa kofia na kulia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote, na Wangechi akanyoosha mkono kutoka kitandani akamshika bega.